Je, Ni Haki Kununua kwa Bei ya Asiyejua?



Nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo lililoninyima usingizi, nalo lilianza na injini kuukuu. Wengi wenu mnajua kwamba tangu nilipostaafu ualimu nimekuwa nikikusanya injini ndogo za petroli za zamani. Wengine hucheka wakisema Mwalimu amefungua ghala la vyuma chakavu. Sioni haya. Alexander Mackay, ambaye Wakristo wa mwambao huu wanamkumbuka, alikuwa mhandisi, na mwaka 1889 Stanley alipofika kwake Usambiro, kusini mwa ziwa, alikuta karakana ambamo boila la mashua lilikuwa likitengenezwa. Mackay alifariki huko huko Usambiro mwezi Februari 1890. Basi, kupenda chuma kilichotengenezwa vizuri si dhambi. Dhambi, kama ipo, huingia kwa mlango mwingine, yaani katika kununua.

Miaka miwili iliyopita nilikwenda Igombe kumsalimu jamaa yangu. Nyuma ya nyumba ya jirani, karibu na banda la kuku, niliona injini ya mtumbwi imeegemezwa ukutani na kufunikwa gunia. Ilikuwa British Seagull. Injini hizi zilianza kutengenezwa Uingereza miaka ya 1930, na kwa muda mrefu zilitengenezwa katika mji wa Poole, hata kazi hiyo ikakoma mwaka 1996. Ni injini rahisi kabisa. Huwashwa kwa kamba inayozungushwa kwenye gurudumu la juu na kuvutwa kwa nguvu. Zile za zamani zilitaka sehemu moja ya oili kwa kila sehemu kumi za petroli, ndiyo maana moshi wake ulikuwa mwingi. Namba iliyogongwa kwenye mwili wa injini humsaidia mjuzi kufahamu umri wake.

Mwenye nyumba alikuwa mama mjane, na injini ilikuwa ya marehemu mumewe, mvuvi. Nilipomwuliza bei, alisema wanunuzi wa vyuma chakavu walimwahidi shilingi 30,000. Mimi nikaipapasa ile injini, nikatikisa kichwa, nikasema, "Imeshika kutu sana, Mama." Kisha nikamlipa hizo 30,000, nikaondoka.

Sasa lazima niseme kile ambacho sikumwambia. Mpwa wangu aishiye Uingereza hunisaidia kununua vipuri katika minada ya intaneti, hasa ule wa eBay ulioanzishwa Marekani mwaka 1995. Kwa hiyo nilikuwa nimekwisha kuona injini ya aina ile ile ikiuzwa kwa pauni 120, yaani zaidi ya mara kumi ya kile nilichompa yule mama. Nilijua. Yeye hakujua. Nami nilinyamaza.

Je, nilimdhulumu? Kwa muda nilijitetea hivi: bei ya Uingereza si bei ya Igombe. Nauli ya kuisafirisha injini ile hadi huko ingemeza faida yote. Tena, bei ya mnada si kitu cha kutegemea. Katika mnada ule kila mtu huandika kwa siri kiasi chake cha mwisho, na kompyuta humpandishia kidogo kidogo kadiri inavyohitajika, hata mshindi hulipa hatua moja tu juu ya yule aliyemfuata. Maana yake ni kwamba bei ile hutuambia tu aliyeshindwa alikuwa tayari kutoa kiasi gani. Wakikutana watu wawili wenye shauku, bei hupanda. Juma linalofuata akiwako mmoja tu, injini ile ile huuzwa kwa bei ya kutupa.

Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haikunipa usingizi. Dhamiri haikuniuliza juu ya pauni 120. Iliniuliza juu ya yale maneno yangu ya kutu.

Kitabu cha Mithali, sura ya 20, mstari wa 14, kinamtaja mnunuzi anayekikashifu kitu mbele ya mwenye nacho, kisha anakwenda zake akijisifu. Nilifundisha aya hiyo darasani, wala sikudhani kwamba siku moja nitajiona ndani yake.

Kuna jambo jingine lililonifungua macho. Wakati fulani niliagiza kabureta katika minada ile ile. Ilipofika nikakuta ina ufa, nao umefichwa kwa rangi. Nilikasirika siku tatu, nikimwita muuzaji mwizi. Lakini hebu tufikiri. Yule alijua ubaya wa kitu chake, akauficha ili apate zaidi. Mimi nilijua uzuri wa kitu cha mwenzangu, nikauficha ili nitoe kidogo. Tofauti iko wapi? Katika mnada wa intaneti mnunuzi huona picha tu, naye muuzaji ndiye ajuaye. Hivyo muuzaji mwaminifu huandika wazi kwamba injini imekwama au pangaboi limevunjika. Kule Igombe mjuzi nilikuwa mimi. Naamini kwamba wajibu wa kusema kweli humwangukia yule ajuaye zaidi, awe muuzaji au mnunuzi.

Wala hili si wazo langu jipya. Mtakatifu Agostino, askofu Mwafrika wa Hippo, nchi iitwayo leo Algeria, anasimulia katika kitabu cha 13 cha maandishi yake juu ya Utatu habari za mtu aliyeuziwa kitabu na mtu asiyejua thamani yake. Mnunuzi yule, bila kuombwa, alimlipa bei ya haki, na muuzaji hakuitazamia. Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba mtu akiuziwa dhahabu na mwenzake anayedhani ni shaba, naye akijua, amenunua isivyo haki, na anapaswa kurudisha.

Nilipomweleza haya mzee mwenzangu mmoja baada ya ibada, alinijibu kwa Mathayo 13:44. "Mwalimu, yule aliyeona hazina shambani aliificha, akanunua shamba. Mbona Bwana hakumlaumu?" Ni swali zuri, nami nililifikiri njiani hadi nyumbani. Naona mfano ule unatufundisha furaha ya mtu aliyeuza vyote alivyo navyo kwa ajili ya Ufalme. Hautufundishi namna ya kupatana bei. Tena, yule aliuza vyote. Mimi sikuuza hata kuku mmoja.

Basi nilirudi Igombe. Nilikuwa nimemwuliza fundi wa injini wa Mwanza, asiyemjua yule mama, bei ambayo yeye mwenyewe angeitoa kwa injini kama ile. Akasema 120,000. Nilimweleza mama yote, hata habari za mnada, nikampa achague: aichukue injini yake, au apokee 90,000 zilizobaki. Alizihesabu fedha, akazifunga kwenye pindo la khanga. Kisha akasema, "Mwalimu, ungeniambia siku ile, ningekuachia kwa 30,000 hizo hizo. Marehemu angefurahi iende kwa mtu anayeijua. Lakini siku ile uliniambia ni kutu."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimedhani deni langu ni la fedha, na fedha nilizirudisha. Kumbe nilimnyima pia nafasi ya kunipa kwa hiari yake, na nafasi hiyo haiwezi kurudishwa kwa kuhesabu noti.

Wapendwa, si wote tunaonunua injini. Lakini tunanunua mashamba kwa wajane, samaki mwaloni, na pamba kwa wakulima wasiojua bei ya mjini. Kabla hatujasema kwamba kitu cha mwenzetu ni kibaya, tujiulize kama ndivyo tutakavyokisifu tukifika nyumbani. Injini ile sasa imesafishwa, nayo huwaka kwa mvuto wa tatu wa kamba. Yule mama amekwisha kuja kuisikia.