Ngojaneni Mezani

Somo: 1 Wakorintho 11:17-34

Leo tumeshiriki Meza ya Bwana, kisha tukasikia tangazo la safari ya Naivasha Siku ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba. Wengi wetu tunaona haya ni mambo mawili: mkate na kikombe ni ya kiroho, safari ni ya kujifurahisha tu. Paulo hangekubali.

Tuangalie Korintho. Waumini hawakuwa na jengo la kanisa. Walikutana nyumbani kwa wenye nafasi, kama Gayo wa Warumi 16:23. Walikula chakula cha kushiba, na hapo hapo wakaumega mkate wa Bwana. Wakati huo Jumapili haikuwa siku ya mapumziko. Mfalme Konstantino ndiye aliyeifanya hivyo mwaka 321, zaidi ya miaka 260 baada ya barua hii. Mtumwa na kibarua walikuwa kazini. Unaweza kuwaona wakifika jioni, wamechoka, na sufuria ni tupu. Mstari wa 21 unasema huyu ana njaa, yule amelewa.

Sasa sikia vizuri, mpendwa. Paulo hakuwagombeza kwa sababu ya mkate mbaya au maombi mafupi. Aliwagombeza kwa kuwaaibisha wasio na kitu. Sisi tukiambiwa tujipime, tunajiuliza kama tulisema uongo au tuligombana nyumbani. Ni vizuri. Lakini dhambi ya sura hii ilitendwa na watu walioshika sahani! Na dawa yake, mstari wa 33, ni rahisi: mkikutana kula, ngojaneni.

Turudi Naivasha. Mchango ni shilingi 1,500 kwa kila mtu. Mama mwenye watoto watatu anatakiwa kutoa 6,000. Kwa wengine hapa hiyo ni kodi ya nyumba. Atakuambia, "Pasta, siku hiyo niko na kazi." Hana kazi popote, ana aibu. Na hata akijikaza aje, tukifika kila familia inafungua hotpoti yake: huku pilau na kuku, kule mkate mkavu na chai ya thamosi. Watoto wake wanaangalia tu. Hao tulikula nao mkate mmoja!

Najua, basi ni lazima lilipwe. Dereva hapokei haleluya. Kwa hivyo mwenye uwezo alipie kiti chake na kingine, ampe mweka hazina, asiulize kitakaliwa na nani. Mweka hazina naye afunge mdomo. Chakula chote kiwekwe pamoja, tupakue pamoja, watoto kwanza, na mtu asianze kula kabla basi la mwisho halijafika.

Na pesa zisipotosha? Basi tusiende mbali. Afadhali sisi sote chini ya mti hapa uwanjani kuliko nusu yetu kando ya ziwa.

Wiki hii, mtafute yule aliyekuambia ana kazi. Usimuulize mbele za watu. Nenda kwake, kunywa chai yake, ongea naye polepole.

Tuombe: Bwana Yesu, ulitupa nafasi mezani pako tukiwa hatuna cha kulipa. Tufundishe kungojana, kanisani na njiani. Amina.