Paka Mwenye Ugonjwa wa Sukari na Dawa Yake

Amma baad. Tumeletewa suala na ndugu yetu mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye paka wake ameshikwa na ugonjwa wa sukari. Daktari wa wanyama amemwambia kuwa paka huyo hataishi ila kwa sindano ya insulini, asubuhi na jioni. Ndugu huyu si tajiri. Auliza: je, ni wajibu juu yake kumnunulia paka dawa ya ghali? Na akitaka kuipata kwa bei nafuu, njia gani ni halali na ipi ni haramu? Asema kuwa watu wa baraza wamemcheka, wakamwambia akamtupe Marikiti atafute mwingine, kwani paka mjini ni wengi kuliko kunguru.

Sisi hatukucheka. Mwenye kucheka na akumbuke habari ya yule mwanamke ambaye Mtume wetu (s.a.w.) ametuambia kuwa aliingia Motoni kwa sababu ya paka: alimfunga, asimlishe, wala asimwache akajitafutia. Si habari ya kafiri aliyevunja msikiti, wala ya mla riba. Ni habari ya paka mmoja. Na yule paka wa kale, lau angefunguliwa kamba, angaliweza kujitafutia panya. Huyu wa ndugu yetu hata akifunguliwa mlango hana pa kwenda, kwa kuwa insulini haiokotwi jaani.

Sharia haikunyamaza juu ya jambo hili. Imam Nawawi katika Minhaj amemwajibisha mwenye mnyama kumpa malisho na maji, na akikataa hulazimishwa. Na Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, aliyekufa mwaka 660 wa Hijra, amehesabu haki za mnyama juu ya mwanadamu, na ya kwanza aliyoitaja ni kugharimiwa kwa kadiri ya mfano wake, hata akizeeka au akiugua mpaka pasitarajiwe manufaa yoyote kwake. Basi wale wasemao kuwa paka asiyekamata panya hana haki wamejibiwa zamani za miaka mia saba na zaidi.

Hata hivyo hatutaki kumtwisha mtu asichotwishwa na Mola wake. Dawa si sawa na chakula. Wanavyuoni wetu hawakumfaradhisha mtu kujitibu mwenyewe, sembuse kumtibu paka. Kwanza ni mke, watoto na wazazi, kisha deni za watu. Ambaye karo ya mtoto wake haijalipwa, asiache hiyo akanunua insulini ya paka, wala hana lawama. Lakini mwenye uwezo, akamwacha kiumbe aliyemzoesha mkono wake akonde kwa njaa isiyoshiba na kiu isiyokatika, huyo twaona ana la kuulizwa. Na wako wengi wasemao “hatuna”, na kila alasiri wana fedha za mirungi. (Hatumkusudii ndugu yetu aliyeuliza.)

Sasa tuingie katika dawa yenyewe, kwani wengi hulipa ghali kwa kutojua tu, na tuliyoyaandika hapa tumeyapata kwa wenye ilimu yake. Paka mwenye maradhi haya hunywa maji mno, hukojoa mno, hula sana na huku akikonda. Wengine hulegea miguu ya nyuma wakatembea kwa visigino. Huwapata zaidi paka wanene, wazee, na madume waliohasiwa. Sukari imejaa katika damu, lakini haiingii mwilini kwa upungufu wa insulini au kwa udhaifu wa kazi yake.

Insulini ilipatikana Toronto, nchi ya Canada, mwaka 1921, na mwaka uliofuata mtoto wa kiume aliyekuwa karibu na kufa alidungwa akapona hatari yake. Wale walioigundua waliuza haki yao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja tu, mwaka 1923, ili dawa isije ikawa mali ya mfanyabiashara mmoja. Hawakuwa Waislamu, na walifanya hivyo. Kisha ikaja ikawa ghali, na sababu zake mwenye kusoma magazeti anazijua.

Iko insulini iliyotengenezwa khasa kwa wanyama, iitwayo Caninsulin, nayo asili yake ni nguruwe. Muulizaji hakuuliza hili, lakini lazima alijue. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, kujitibu kwa najisi kumeruhusiwa pale isipopatikana iliyo tohara yenye kufaa. Mnyama naye hana taklifu, lakini mkono unaomdunga una taklifu, na tone likianguka juu ya kanzu yataka kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mwenye njia nyingine ajiepushie taabu hiyo. Na njia iko. Tangu mwaka 1982 insulini ya watu huuzwa ikiwa imetengenezwa kwa vijidudu, bila ya mnyama, na katika jamii hiyo iko insulini ya glargini, ambayo kwanza iliuzwa kwa jina la Lantus. Hii hutengenezwa kwa ajili ya binadamu, na waganga wa wanyama wameikuta yawafaa paka sana. Leo viwanda kadhaa huitengeneza, na ile ya viwanda vya baadaye aghalabu huwa na bei ya chini kuliko ile ya kwanza. Basi mwambie daktari akuandikie glargini bila ya kutaja kiwanda, kisha uzunguke maduka ya dawa matatu au manne kabla ya kutoa fedha. Ile ya NPH, yenye rangi ya maziwa, itolewayo sana katika hospitali zetu, usiikimbilie kwa urahisi wake. Katika mwili wa paka mara nyingi nguvu yake humalizika kabla ya kufika sindano ya pili.

Na tazameni hesabu hii. Paka wengi huanzishwa kwa kipimo kimoja asubuhi na kimoja jioni, yaani viwili kwa siku. Chupa ya mililita 10 ina vipimo 1,000, ambavyo ni vya siku 500. Kalamu moja ya mililita 3 ina vipimo 300, ambavyo ni vya siku 150. Kiwanda chasema dawa ikishafunguliwa itumike siku 28. Waganga wa wanyama wengi huruhusu zaidi ya hapo maadamu yakaa katika friji, ni safi kama maji, na sukari ya paka yatulia. Lakini hata hao hawatakuruhusu siku 500. Kwa hiyo mwenye kununua chupa kubwa hununua dawa ya kumwaga. Na anunue kalamu. Na kwa kuwa kalamu huja tano katika sanduku, wenye paka wagonjwa wawili au watatu washirikiane sanduku moja, kwani isiyofunguliwa hukaa katika friji mpaka tarehe yake. Si katika barafu, maana ikiganda imeharibika. Wala si juu ya rafu katika joto letu la Februari.

Khalafu iko hatari ambayo lazima tuitaje. Sindano zenyewe ni za namna mbili: za vipimo 40 kwa mililita na za vipimo 100. Caninsulin ni ya 40, na glargini ya kawaida ni ya 100. Mwenye kuvuta dawa ya 100 kwa sindano ya 40 atampa paka mara mbili na nusu ya kipimo chake, na huenda akamwua kwa mkono wa huruma. Wala asidungwe paka aliyekataa kula kabla daktari hajaulizwa. Akionekana ayumba, atetemeka au azimia, apakwe asali katika ufizi, akimbizwe kwa daktari.

Chakula nacho ni nusu ya dawa. Paka ni mla nyama kwa maumbile yake, na sisi twamlisha wali uliobaki kwa mchuzi, au zile tembe kavu za dukani ambazo nyingi zimejaa wanga. Apewe samaki na nyama, bila wali wala ugali. Wako paka ambao kwa chakula hiki na glargini iliyoanzwa mapema wameachishwa sindano kabisa, na hapana unafuu wa bei kuliko huo. Lakini chakula kisibadilishwe ghafla na huku sindano ni ile ile, kwani sukari itashuka mno. Daktari apunguze kipimo kwanza.

Tuje kwenye lililotutia uzito zaidi. Muulizaji ametaja kuwa mtu mmoja amemshauri achukue kadi ya mama yake mzazi, ambaye naye ana sukari, aende kliniki ya serikali aseme kuwa dawa ya mama imevunjika, apewe nyingine kwa bei ya msaada, ampe paka. Hili ni haramu, wala hatuoni rukhsa ndani yake. Ni uwongo kwanza, na ni khiyana ya mali iliyowekewa wagonjwa maskini. Chupa hiyo huenda ndiyo ya mwisho katika kabati siku hiyo, na nyuma yako katika foleni yuko mama aliyetoka Kisauni kwa nauli ya kukopa. Huruma ya paka haiwi huruma ikimnyima mwanadamu. Ukiikosa kwa fedha yako, umeikosa, na Mungu anaujua udhuru wako.

Ama dawa iliyoachwa na maiti katika friji, watu huidhani kuwa ni kitu kisicho na mwenyewe. Ikiwa maiti aliinunua, basi hiyo ni katika tarika yake, na haichukuliwi ila kwa idhini ya warithi wote walio wakubwa. Akiwamo yatima, fungu lake hulipwa. Ikiwa ilitolewa na hospitali, ile ambayo haijafunguliwa irudishwe huko, wao ndio wajuao kama yafaa kupewa mwingine.

Na kwa Mungu twajikinga na wale waliomwambia amfunge paka hirizi shingoni na kumnywesha kombe. Aya za Mwenyezi Mungu hazikuteremshwa zioshwe katika sahani za paka. Ndugu yetu alizidi kusema kuwa mtu huyo alimtaka shilingi nyingi kuliko bei ya kalamu moja ya dawa!

Limebaki suala la mkeka. Paka huyu akojoa mno, na mara mbili amelowesha mkeka wa kusalia. Paka mwenyewe ni tohara. Sahaba Abu Qatada alimwinamishia chombo cha maji ya kutawadha akanywa, akatoa ushahidi wa maneno ya Mtume (s.a.w.) kuwa paka si najisi, bali ni katika wenye kutuzunguka majumbani. Lakini mkojo wake ni najisi, mgonjwa na mzima. Mkeka uondolewe rutuba, kisha umiminiwe maji mpaka iondoke harufu na rangi. Awekewe beseni la mchanga karibu na anapolala, libadilishwe asubuhi na jioni wakati wa sindano, na mkeka ukunjwe utundikwe ukutani baada ya kila sala. Na sindano zilizotumika zitiwe katika kopo gumu lenye kifuniko zirudishwe kwa daktari, zisitupwe vichochoroni ambako watoto hupita bila viatu.