Neno Hufuata Mkono

Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa kazi mbili. Mtoto hushika kijiko; mwanafunzi hushika somo. Tunaposifu kwamba mtoto fulani "anashika haraka", hatuvifikirii vidole vyake. Nadhani tungepaswa kuvifikiria.

Mwaka 2012, Chen Yu na Linda Smith wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walichapisha utafiti ambamo watoto wa takriban mwaka mmoja na nusu walivalishwa kamera ndogo kichwani wakicheza na wazazi wao. Mtu mzima akiketi mezani huona vitu vyote vilivyopo. Mtoto, kwa mikono yake mifupi, hukisogeza kitu karibu na uso hadi kikafunika vingine. Mzazi alipotaja jina wakati huo, mtoto alielekea kulikumbuka. Alipolitaja wakati vitu vimetapakaa mbele ya mtoto, neno halikupata pa kukaa.

Hakuna haja ya kununua kitu ili hili litokee. Kwetu Hedaru, chini ya Milima ya Upare, mtoto anayetambaa uani hukutana na mwiko, kata, gunzi la hindi na mfuniko wa sufuria. Huokota gunzi, huligeuza, hulitia mdomoni. Bibi hulitaja kwa Kipare, mama kwa Kiswahili, na mtoto hupata majina mawili ya kitu kile kile. Au hasikii jina lolote ila "Acha!", na gunzi limeshaondoka mkononi.

Tofauti hiyo ndiyo inayonishughulisha, na naiona kuwa ya kimaadili kabla ya kuwa ya kitaalamu. Tumelelewa tukijua kwamba mkubwa ndiye huanzisha mazungumzo na mdogo husikiliza. Lakini mtoto asiyeweza kusema tayari amechagua mada, kwa mkono wake. Kumnyang'anya gunzi ili nimfundishe neno "mpira" ni kumkatiza mtu anayezungumza. Kulitaja gunzi ni kumjibu.

Wahenga wamekwenda mbali zaidi: mtoto akililia wembe, mpe. Hapo siwafuati. Methali hiyo inauheshimu mkono wa mtoto kupita kiasi. Inaliachia jeraha lifundishe. Wembe lazima uondolewe. Ila anayeuondoa bado ana deni la neno: "Huu wembe, unakata," kisha ampe mwiko. Mkono ukizuiwa, si lazima mazungumzo nayo yakatike.

Pingamizi zito zaidi ni muda. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Arusha inapita Hedaru, na mama anayekimbilia mabasi na beseni la bidhaa hawezi kuufuata mkono wa mtoto siku nzima. Mtoto hubaki na dada yake wa miaka 9, aliyetoka shule na bado hajachota maji. Tatizo hapa si ujuzi. Kule Kilifi, Kenya, Katie Alcock na wenzake walipoandaa orodha za maneno ya watoto wadogo kwa Kiswahili na Kigiriama, waliwahoji wazazi ana kwa ana, wakiwamo wasiojua kusoma, na wazazi hao waliweza kueleza watoto wao wanajua maneno gani.

Kwa hiyo huwa nasita ninaposikia akina mama wakihimizwa "waongee zaidi na watoto". Ushauri ni sahihi, lakini anayepewa ndiye mwenye nafasi ndogo kuliko wote nyumbani. Kama mtoto anastahili kujibiwa anaposhika kitu, basi deni hilo si la mama peke yake. Ni la baba aliyeko kijiweni jioni, la mjomba anayesubiri chakula, na langu ninaporudi likizo. Sote tunajua gunzi linaitwaje, na kulitaja hakuchukui dakika.