Wavu wa Samaki wa South Fork

Bwawa la udongo likishindiliwa vizuri huweza kubeba mzigo wa maji miaka mingi. Lisichokiweza ni maji kupita juu ya kichwa chake. Yakianza kumwagika humega udongo kidogo kidogo, na kijifereji cha kuruka kwa hatua moja hugeuka korongo watu wangali wanabishana la kufanya. Ndiyo maana hupewa mabomba ya kulipunguza maji, na utoro, njia ya pembeni ya kupitishia yaliyozidi.

Bwawa la South Fork, katika milima ya Pennsylvania nchini Marekani, lilikuwa na vyote viwili. Serikali ya jimbo ililijenga kulisha mfereji wa mashua, likakamilika mwaka 1853. Reli ilipoupokonya mfereji kazi yake, bwawa likaanza kupita mkono hadi mkono. Mmiliki mmoja aliyang'oa mabomba akayauza kama chuma chakavu. Mwaka 1879 likanunuliwa liwe la starehe, likawa mali ya klabu ya uvuvi na uwindaji ya matajiri wa Pittsburgh, akiwamo Andrew Carnegie.

Mabomba hayakurudishwa. Kichwa cha tuta kilishushwa kimo ili barabara ya juu iwe pana, magari ya farasi yapishane. Utoro ukawekewa wavu wa chuma ili samaki waliopandikizwa wasitoroke. Kila jambo lilikuwa na sababu iliyoeleweka, na hakuna aliyekusudia kuua. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko yote.

Onyo lilikuwapo. Mwaka 1880 Daniel Morrell, mkuu wa kiwanda cha chuma huko Johnstown, mji uliokuwa bondeni umbali wa kilomita 23 hivi, alimtuma mhandisi John Fulton akalikague. Fulton alieleza kuwa bwawa halina njia ya kulipunguza maji na kwamba matengenezo hayakuwa ya kitaalamu. Klabu ikamjibu Morrell kwamba watu wake hawamo hatarini. Akajitolea hata kuchangia gharama, bila mafanikio. Alifariki mwaka 1885, na suala likalala.

Mei 31, 1889, baada ya mvua ya usiku kucha, wanaume walikuwa juu ya tuta na sepetu, wakirundika udongo pale katikati palipokuwa pamebonyea na kuchimba njia nyingine ya maji kwenye ardhi ngumu. Ule wavu ulikuwa umekabwa na matawi na takataka. Walipojaribu kuutoa, walikuwa wamechelewa. Kijana mhandisi, John Parke, alipanda farasi kwenda kijijini ili onyo lipelekwe kwa telegrafu. Huko Johnstown wengi hawakushtuka, kwani kila mvua ilipozidi walisikia kwamba bwawa linapasuka, na halikupasuka.

Alasiri hiyo lilipasuka. Saa kumi na dakika saba maji yalikuwa mjini. Walikufa watu zaidi ya 2,200. Kwenye daraja la mawe, mabaki ya nyumba yalisongamana yakiwa na watu hai ndani, kisha yakashika moto.

Mabwawa ya udongo bado huua: usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la shambani lilipasuka Solai, Nakuru, nchini Kenya, likaua zaidi ya watu 40.

Klabu ya South Fork ilishtakiwa, lakini haikulazimishwa na mahakama kulipa fidia. Katika makaburi ya Grandview, juu ya Johnstown, wamelala zaidi ya watu 700 ambao hakuna aliyeweza kuwatambua.