Msiulizane Nani Aliyekosa



Siku hizi habari za mbali hufika nyumbani kabla ya chai kuiva. Baba anasoma kwenye simu, mama anasikiliza redio, na watoto wanayasikia yote: kule Marekani na Uingereza watu wanashindana vikali juu ya vijana wanaosema kwamba jinsia waliyozaliwa nayo siyo yao. Wanashindana bungeni, mahakamani na hata viwanjani. Wanandoa wengi huuliza, "Katekista, mambo hayo yanatuhusu nini sisi huku?" Leo tuyatazame pamoja, maana liko moja lililo karibu nayo ambalo linaweza kuingia katika nyumba yoyote ya Kenya na kuwatenganisha mume na mke.

Kwanza tuuelewe ubishi wenyewe. Katika michezo, swali ni hili: kijana aliyezaliwa mvulana, na sasa anajitambulisha kuwa msichana, je, akimbie na wasichana? Wapo wasemao kwamba mwili uliobalehe kiume una nguvu na kasi zaidi, hivyo wasichana wataonewa. Wapo wasemao kwamba vijana hao ni wachache, na kuwafungia nje ya mchezo ni kuwaumiza bure. Mwezi wa Machi 2023, Shirikisho la Riadha Duniani liliamua kwamba aliyepitia balehe ya kiume hatashindana na wanawake katika mashindano ya dunia.

Katika tiba, ubishi ni juu ya dawa za kuzuia balehe na homoni kwa walio chini ya miaka 18. Huko Uingereza, uchunguzi ulioongozwa na daktari wa watoto Hilary Cass ulitolewa Aprili 2024, ukasema ushahidi wa faida ya tiba hiyo ni dhaifu. Mwezi wa Desemba mwaka huo serikali ikazuia dawa za kuzuia balehe kwa vijana hao, isipokuwa katika utafiti. Huko Marekani, tarehe 18 Juni 2025, Mahakama ya Juu iliiacha isimame sheria ya jimbo la Tennessee inayokataza tiba ya namna hiyo kwa watoto. Walioipinga sheria hiyo walisema inawanyima watoto wenye shida msaada ambao wazazi wao na madaktari wamekubaliana.

Kanisa nalo limesema. Katika hati iitwayo Dignitas Infinita, iliyotolewa Aprili 2024, linafundisha kwamba mwili ni zawadi ya Mungu, na halikubali tiba ya kubadili jinsia. Lakini someni hati hiyo mpaka mwisho wa fungu, maana wengi huishia katikati. Inaendelea kusema kwamba mtu aliyezaliwa na maumbile ya uzazi yasiyo ya kawaida, au ambaye hali hiyo ilijitokeza baadaye, anaweza kutafuta msaada wa madaktari, na huko si kubadili jinsia. Tena hati nzima yasema heshima ya mtu haipunguzwi na hali yoyote aliyo nayo. Kwa hiyo hata kijana ambaye fikira zake hatukubaliani nazo, hatuna ruhusa ya kumtukana wala kumpiga.

Sasa tufike nyumbani kwetu. Wako watoto ambao wanapozaliwa, mkunga akitazama hawezi kusema upesi kama ni wa kike au wa kiume. Kwa Kiswahili huitwa huntha, na wengine husema watoto wenye jinsia mbili. Wengine huzaliwa wakionekana wasichana kamili, kisha wakati wa kubalehe hedhi haiji, au sauti inakuwa nzito. Watoto hawa hawakuchagua jambo lolote, hawakufundishwa na redio wala hawakuiga Wazungu. Ndivyo miili yao ilivyoumbika tumboni. Katika sensa ya mwaka 2019 Kenya iliwahesabu kwa mara ya kwanza, wakapatikana 1,524 kati ya watu zaidi ya milioni 47. Hebu tujiulize: ni wazazi wangapi walioficha mtoto kwa sababu walimwogopa karani wa sensa, au jirani aliyekuwa amesimama mlangoni?

Hapo ndipo ndoa hujaribiwa. Mtoto kama huyo akizaliwa, mara nyingi swali la kwanza si "Tumsaidieje?" bali ni "Ametoka ukoo gani?" Mume anamtazama mke kama mshitakiwa. Mama mkwe anasema kwao hakujawahi kuonekana kitu kama hicho. Mke naye anakumbuka maneno ya shangazi wa mume siku ya arusi. Wengine hukimbilia kwa mganga. Na siku hizi limeongezeka neno jipya: mtu aliyesikia habari za Ulaya anasema mtoto huyu ni katika "mambo yale". La hasha! Hayo ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya ni kumtwika mtoto mchanga mzigo wa siasa za watu wazima.

Ndugu zangu, wanafunzi wa Yesu waliuliza swali hilo hilo katika Yohane sura ya 9. Walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakataka kujua ni yeye aliyetenda dhambi au ni wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili. Hakutafuta wa kulaumiwa, bali alianza kazi ya kumsaidia. Tena katika Mathayo sura ya 19, sura ile ile tunayoitumia kufundisha kwamba ndoa haivunjwi, Yesu anawataja watu waliozaliwa matowashi, na hawadharau. Mume na mke wanaokumbuka nusu ya kwanza ya sura hiyo wasiisahau ya pili.

Basi mfanye nini? Nawapa mashauri manne.

La kwanza, simameni pamoja. Kumbukeni ahadi mliyopeana mbele ya altare. Hamkuahidiana kupendana mradi watoto wawe wa namna mnayoitaka. Baba, usimwache mkeo aende kliniki peke yake kama mkosaji. Beba mtoto wewe mwenyewe, watu wakuone. Mama, usimfiche mumeo hali ya mtoto kwa hofu. Ndugu wa pande zote wakianza maneno, mume awajibu ndugu zake, na mke awajibu wake. Jibu lenyewe liwe fupi: "Mtoto ni wetu, na tunamlea."

La pili, wahini kwa daktari, lakini msiharakishe kisu. Mimi si daktari, lakini jambo hili kila mzazi alijue. Iko hali moja inayotokana na tezi zilizo juu ya figo, ambayo humfanya mtoto wa kike aonekane kama wa kiume. Namna yake kali hupoteza chumvi mwilini, na mtoto anaweza kutapika, kulegea na kufa katika wiki za kwanza. Huyo anahitaji dawa upesi, na dawa ipo. Kumficha ndani kwa aibu ni kumweka katika hatari ya kifo. Lakini upasuaji wa kumfanya mtoto tu "aonekane sawa" mbele ya watu ni jambo jingine. Kilichokatwa hakirudi. Mtoto akikua akawa si vile mlivyomkatia, mtamwambia nini? Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inakataza kubadilisha au kuondoa viungo vya mtoto huntha bila ushauri wa daktari bingwa wa mambo ya urithi. Ulizeni kila mara: "Daktari, haya ni ya kuokoa maisha yake, au ni ya kutuondolea sisi aibu?" Kama ni ya aibu, ngojeni. Haraka haraka haina baraka.

La tatu, mwandikisheni. Mwaka 2009 alizaliwa mtoto hapa Kenya, na katika karatasi zake, mahali pa jinsia, iliwekwa alama ya kuuliza. Kesi yake ilifika Mahakama Kuu, na Desemba 2014 Jaji Isaac Lenaola aliiagiza Serikali ieleze imefikia wapi katika kuweka sheria na miongozo kuhusu watoto hawa na upasuaji wao. Sheria ya 2022 inasema wana haki ya kutendewa kwa heshima, kupata matibabu, elimu na ulinzi wa jamii. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa atasumbuka shuleni, na baadaye kwenye kitambulisho. Msimnyime karatasi kwa kuogopa swali la karani.

La nne nalielekeza hasa kwa wazazi wenye binti mkimbiaji. Katika Michezo ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, mbio za mita 800 za wanawake zilishindwa na Caster Semenya wa Afrika Kusini, wa pili Francine Niyonsaba wa Burundi, na wa tatu dada yetu Margaret Wambui. Hawa hawakubadili jinsia, walilelewa wasichana. Lakini mwaka 2019 zikaja kanuni za kuwataka wanawake wenye maumbile ya namna hiyo wapunguze homoni kwa dawa kama wanataka kukimbia mbio hizo, na wote watatu wakafungiwa mlango wa mita 800. Tangu tarehe 1 Septemba 2025, mwanamke anayetaka kushiriki mashindano ya dunia ya riadha lazima apimwe mara moja, kwa ute wa ndani ya shavu au kwa damu, ili kutafuta jeni iitwayo SRY, ambayo kwa kawaida hupatikana kwa wanaume.

Wenye kuitetea kanuni hiyo wanawatetea wasichana wengine, na haki ya wasichana hao ni ya kweli. Nao ni mabinti wa watu. Lakini fikirini binti wa miaka 17, aliyelelewa msichana, akibatizwa msichana, anaambiwa siku moja kwa karatasi kwamba mwili wake si kama alivyodhani. Je, ayasikie kwa kocha, mbele ya wenzake kambini? Kabla hajapimwa, mzazi auulize uongozi: majibu atapewa nani? Yatatunzwa wapi? Ni daktari gani atakayemweleza? Baba au mama aende naye. Na majibu yakija mabaya, asikie kwenu nyinyi wa kwanza kwamba medali ilikuwa zawadi, lakini yeye mwenyewe alikuwa zawadi kabla ya kujua kukimbia.

Nawaomba viongozi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo nao wasaidie. Familia ya namna hii ikija kwenye sala, msinong'one. Mkiombwa msaada wa nauli ya hospitali, changeni bila kudai mwonyeshwe mtoto. Siri ya mwili wake ni yake. Siku moja ataamua mwenyewe amwambie nani.

Kwa hiyo, baba na mama, usiku wa leo watoto wakisha kulala, ongeeni. Ulizaneni, "Kama angekuwa wetu, tungefanyaje?" Jibu mtakalolipata mkiwa na utulivu litawafaa siku ambayo hakuna utulivu. Na kama tayari yumo nyumbani mwenu, amelala chumba cha pili, nendeni mkamfunike vizuri. Mungu aliyewakabidhi huyo hakukosea nyumba.