Taulo Kitandani Si Dhambi

Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu waliyagawa matendo ya mwanadamu katika mafungu matano: wajibu, sunna, mubaha, makuruhu na haramu. Fungu la mubaha, yaani mambo yasiyoamrishwa wala kukatazwa, ni pana mno, na sehemu kubwa ya maisha ya ndani ya nyumba imo humo: kulala na feni au bila feni, kuloweka sufuria usiku kucha au kuisugua papo hapo, kutupia taulo kitandani. Kutofautiana kwa wanandoa katika mambo haya hakuwagombanishi. Ugomvi huanza pale mmoja anapolitoa jambo kwenye mubaha akalitia kwenye haramu. Alilolizoea kwa mama yake linageuka kipimo cha usafi, cha adabu, hata cha dini, na mwenzake anashtakiwa kwa kosa ambalo hakuna kitabu kilicholiandika.

Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliandaliwa nyama ya dhabbi, mjusi wa jangwani, nyumbani kwa mkewe Maimuna. Akauondoa mkono wake. Khalid bin Walid alipouliza kama ni haramu, aliambiwa hapana, ila si chakula cha nchi ya kwao na nafsi yake haikipendi. Khalid akaivuta ile nyama akala, Mtume akimtazama. Basi mtu ambaye kauli yake ilikuwa sheria alikataa kuigeuza sheria ile karaha ya nafsi yake. Mume au mke, asiye na mamlaka hayo, atapata wapi haki ya kumhukumu mwenzake kwa jinsi anavyominya dawa ya meno?

Kuna atakayesema kwamba vyombo vinavyoachwa kwenye sinki kila usiku lazima vioshwe na mtu, na mtu huyo mara nyingi ni mke. Pingamizi hili ni zito, nami nalikubali lote. Lakini kinacholalamikiwa hapo ni mzigo, wala si mazoea tena, na dhuluma haijawahi kuwa mubaha. Bi Aisha, mkewe Mtume, alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa akiwatumikia watu wa nyumba yake. Mshairi Mwana Kupona naye, katika utenzi aliomwachia binti yake mwaka 1858, alimtwika mke karibu kazi yote ya kujirekebisha: ampepee mumewe, asimsumbue usingizini. Nauheshimu sana upendo wa mama yule, aliyeusia akiwa mgonjwa. Ila baada ya jibu la Bi Aisha sioni kwa nini kujirekebisha kuwe kwa upande mmoja.

Wala simwambii mtu anyamaze, maana kero inayomezwa kila siku huila ndoa. Anayesumbuliwa na feni na aseme inamtia baridi, aombe ipunguzwe. Akianza na "kwenu hamkufundishwa", ameacha kuomba, amehukumu. Ombi linaweza kukataliwa leo, likakubaliwa kesho, na wawili wakabaki salama. Hukumu haiachi nafasi hiyo, kwa sababu aliyehukumiwa hawezi tena kuizima feni bila kukiri kwanza kwamba alilelewa vibaya.