Ole Wenu Mnaonunua Nguvu

Ndugu zangu, mnaochonga vijahazi sebuleni, mnaounga vigari-moshi juu ya meza ya kulia chakula hadi wa nyumbani wananuna, leo nawaita mtubu.

Tubuni, maana mmekwenda dukani mkauliza wati. Mmesimama mbele ya mashine ya kutobolea, rangi inang'aa, na neno la kwanza kuwatoka likawa: ina nguvu kiasi gani? Muuzaji akatabasamu, akajua amepata mtu. Akawaonyesha mota ya wati 500, na kichwa chenye taya tatu kinachouma biti hadi ya milimita 13, nanyi mkaitikia kama watu walioombewa dua. Milimita 13 za kutoboa nini, enyi watu? Mlingoti wa kijahazi chenu ni mwembamba kuliko hiyo biti!

Habari ya ngamia na tundu la sindano mnaijua. Wahubiri wengi humwangalia ngamia. Mimi nimesimama hapa kwa ajili ya tundu.

Nasema haya nikiwa mkosaji wa kwanza. Niliazimia kuunda mfano wa mtepe, kile chombo cha Pate na visiwa vya Wabajuni kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, tanga lake mkeka, omo yake imeinuka kama kichwa cha ngamia. Mtepe ni matundu. Kila ubao umetobolewa kingo zake zote mbili, shimo kwa shimo, kamba ikapita. Kwa kipimo nilichochagua, tundu moja lilikuwa milimita 0.6, nami nilihesabu yapata elfu mbili kabla sijachoka kuhesabu. Nikanunua mashine kubwa. Alasiri ya kwanza nikavunja biti kumi na moja. Nikadhani mkono wangu ndio wenye dhambi. Nikajaribu kupumua polepole, nikajaribu kuacha kahawa. Kahawa, jamani!

Mtaani kwetu kuna mzee mchonga vyuma. Nikamwendea na mashine kwenye mkokoteni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta mgonjwa?"

Hakuiwasha. Alibana fimbo nyembamba ya chuma iliyonyooka mahali pa biti, akaiegemezea geji yake ya saa, akazungusha kwa kidole. Mshale ukaenda, ukarudi. Milimita 0.15. "Mwanangu," akasema, "hii haitoboi. Hii inacheza ngoma."

Hapo ndipo nilipookoka. Kuyumba kwa milimita 0.15 ukiwa na biti ya 13 ni mzaha, chuma kinene kinastahimili. Ukiwa na biti ya 0.6 ni robo nzima ya unene wake! Ncha inagusa mbao hapa, shina linavutwa kule, na biti inapindwa kila mzunguko, maelfu ya mara kwa dakika. Biti ya chuma hupinda kidogo kabla ya kukatika. Ya kabaidi haina subira hiyo. Ni ngumu na hukatika kama kioo. Wati 500 zangu zilikuwa zinafanya kazi moja tu, kuivunja haraka zaidi.

Kwa hiyo sikieni. Mkienda dukani, msiombe kuwashiwa mashine. Kelele huficha mengi. Vuta mkono uiteremshe shafti hadi mwisho, kisha ishike kwa vidole uitikise kushoto na kulia, mbele na nyuma. Ikicheza, hata kidogo tu, iache hapo hapo, hata kama muuzaji ni shemeji yako. Kisha toa mfukoni kipande cha waya mgumu ulichokipinda pembe mraba mara mbili, kama mpini wa kuwashia gari la zamani. Bana mwisho mmoja mahali pa biti, ncha ya pili iguse meza kwa shida. Zungusha kwa mkono. Ncha ikikwaruza upande mmoja wa meza na kupaa upande wa pili, meza haiko mraba na shafti, na kila tundu utakalotoboa litalala. Meza iliyolala hurekebishika kama ina skrubu za kuiweka sawa. Shafti inayocheza haina tiba kwa fedha ulizo nazo wewe na mimi.

Halafu toa biti yako ndogo kuliko zote, sema: ibane hii. Hapo utaona sura zikibadilika! Vichwa vingi vya milimita 13 huanzia 1.5, chini ya hapo taya hukutana zikabaki zimeuma hewa. Kichwa hiki cha kukaza kwa ufunguo wenye meno kilipewa hati ya hataza mwaka 1902 huko Marekani, mbunifu wake Arthur Jacobs, na ni kitu cha kuheshimiwa. Lakini hakikubuniwa kwa ajili ya mtepe wako. Kwa kazi ndogo tafuta koleti, kikombe kidogo kilichopasuliwa ambacho hubana shina la biti pande zote kwa pamoja. Kisha nunua zile biti za kabaidi za kutobolea bodi za umeme: ncha yaweza kuwa 0.3, lakini shina ni nene, milimita 3.175. Unabana kinene, unatoboa kwa chembamba. Nilipolijua hili nilicheka peke yangu karakana nzima.

Na mwendo je? Ukingo wa biti ya milimita 12 husafiri karibu milimita 38 kwa mzunguko mmoja. Wa biti ya 0.6 husafiri chini ya 2. Ni mara ishirini! Ili ndogo ikate kama kubwa inavyokata kwa mizunguko 600, yataka 12,000 kwa dakika. Mashine kubwa za mezani nyingi huishia 3,000 au chini yake, ndiyo maana biti ndogo haikati, inasugua; inapata joto, inalewa, inavunjika. Tazama kitu kama Proxxon TBM 220: mota yake wati 85 tu, chache kuliko feni ya chumbani ya watu wengine, na mkanda wake huhamishwa kupata mizunguko 1,800, 4,700 na 8,500. Sijatumwa na mtu kuiuza. Nawaonyesha tu kwamba waliokaa wakaifikiria kazi hii hawakuanzia kwenye nguvu. (Ile 1,800 nayo ina siku yake: plastiki ukiikimbilia inayeyuka, inaganda kwenye biti.)

Wazee walioshona mitepe walitoboa kwa keke ya uta. Msukano unazunguka kwenye kamba ya uta, kiganja kimekalia juu, na kiganja kinasikia mbao: hapa laini, hapa fundo, hapa umekaribia kutokea upande wa pili. Na mashine yako ikupe masikio hayo. Mkono wake uwe mwepesi. Springi nzito ya kurudishia ni kiziwi. Unasukuma springi, hujui biti inasema nini. Teremsha kidogo, inua, unga utoke, teremsha tena. Anayezama kwa mkupuo mmoja anajichimbia kaburi la biti.

Wenye ndugu Marekani, neno moja kwenu. Akikuambia nimekupatia mashine nzuri ya mtumba, mshukuru, kisha umuulize kibandiko kinasema nini. Ya volti 120 ukiichomeka kwenye ukuta wa Mombasa au Tanga, shukrani zitageuka moshi. Transfoma itatibu volti, lakini mota ya kule ikiwa ya induksheni iliyoundwa kwa umeme wa Hz 60, mwendo wake utapungua kwa sehemu moja ya sita kwenye umeme wetu wa Hz 50, nawe mwendo ndio ulikuwa unautafuta.

Na mikono ya kanzu kunjeni. Leso, shanga, ncha za mtandio, mbali! Glavu msivae kabisa, hukamatwa zikaingia na kidole. Shaba nyeupe ya vikorokoro vya meli ina tabia ya kuidaka biti ghafla inapokaribia kutokea upande wa pili, kipande kikazunguka kama panga boi. Kifungeni kwenye jiriwa ndogo, hata kama ni tundu moja tu, hata kama chakula kinapoa. Miwani pia, kwa sababu biti ya kabaidi ikivunjika haiombi ruhusa.

Mwaniuliza mtapata wapi mashine ya namna hiyo kwa bei ya masikini. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mbovu nyingi zinatembezwa. Ikibidi, subirini. Toboeni kwa mkono, kwa kipini cha vidole, mwaka mzima. Nilifanya hivyo kwa miezi saba, tundu kumi kila usiku, na matundu yale yamenyooka kuliko yote niliyopiga kwa ile ya wati 500. Ile nilimpa mchonga milango. Anaisifu sana, anatoboa mninga kwa milimita 12, nayo inaimba.

Ubavu wa kulia wa mtepe wangu umeshonwa. Wa kushoto nimeuanza juzi kwa mashine ndogo: matundu 140, biti moja, na bado iko nzima kwenye koleti.